Mwalimu Ugenini Wakati wa Mtihani

Maneno yaliyosemwa na katekista mmoja wa parokia mbele ya wakristu na wageni, siku ya Yubile



     

Kamati ya Yubile ilitupa kazi ya kusema juu ya shule. Bila shaka walitumaini kwamba tutahesabu madarasa yaliyojengwa, na walimu waliofundisha, na watoto waliopata diploma. Hesabu hiyo wengine wameifanya vema kuliko sisi. Tumeomba ruhusa ya kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni mwalimu anayefundisha katika nchi isiyo yake, hasa katika siku zile ambapo wanafunzi wake wanafanya mtihani wa mwisho na kuaga shule. Mtatusamehe tukisema «sisi» hata pale ambapo aliyetenda ni mtu mmoja. Ndivyo tulivyozoezwa katika seminari ndogo, ambako mapadri walitukanya tusianze kila sentensi kwa neno «mimi». Seminari ilituacha tukiwa kijana, lakini desturi hiyo haikutuacha.

Tuanze na mababu. Jimbo letu lilizaliwa kwa kazi ya walimu wa ugenini. Padri Gabriel Grison, Mfaransa, wa shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu, alifika Maporomoko ya Stanley mwaka 1897, akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Baadaye akawa askofu wetu wa kwanza. Alikuta watu wanaosema Kiswahili. Lakini lugha hiyo haikuja kwetu pamoja na Injili. Ilikuja pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Tippu Tip mwenyewe alipewa cheo cha gavana wa Maporomoko mwaka 1887. Wamisionari wangeweza kuitupa kwa sababu ya mikono iliyoileta. Hawakuitupa. Watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa katekismu kwa lugha ile ile ya watu waliowafunga kamba. Na leo ndiyo lugha ambayo kwayo tunasali, tunaungama, na kuwalilia wafu wetu. Tunawaomba mlishike jambo hili, maana tutalirudia.

Sasa tuseme habari yetu wenyewe.

Walio na miaka thelathini na zaidi wanazikumbuka siku zile za mwezi wa sita mwaka 2000, tangu tarehe 5 hata tarehe 10, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu, kila moja likitaka kuwa bwana wa daraja la mto Tshopo na wa mali za nchi isiyokuwa yao. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulihesabu baadaye raia zaidi ya 760 waliouawa, na kadiri ya 1,700 waliojeruhiwa. Nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomolewa au kuharibiwa. Shule 69 zilizopigwa mabomu. Na watu 65,000 waliokimbilia misituni. Hata katedrali yetu ilipigwa. Sisi tulikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, tukijifunza Kifaransa. Mdogo wetu, binti wa tumbo moja nasi, alikuwa katika mwaka wa sita wa sekondari. Alikuwa akijitayarisha kwa Mtihani wa Taifa, ule tunaouita Exetat. Bomu lilianguka katika kiwanja cha nyumba yetu, komini ya Tshopo, asubuhi, yeye akichochea moto. Tulimzika pale pale karibu na mgomba, kwa sababu hapakuwa na njia ya kufika makaburini. Katika vitu vyake ilibaki daftari ya sarufi ya Kifaransa, yenye mwandiko mzuri kuliko wetu, na karatasi ya gazeti iliyotumika kuifunika. Tuliitunza.

Miaka ilipita. Tulimaliza masomo, tukaanza kufundisha hapa mjini. Ninyi walimu mnajua maisha yale: mshahara wa serikali hauji, wazazi wanachanga kidogo wanachoweza, na mwalimu anaingia darasani akiwa na njaa sawa na mwanafunzi. Mama yetu alikuwa mgonjwa. Ndipo rafiki mmoja aliyekuwa Goma akatuandikia kwamba nchini Rwanda kuna shule za sekondari zinazofundisha kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiingereza, nazo zinahitaji walimu wa Kifaransa, na mshahara unalipwa kila mwezi.

Ndugu zangu, hatukulala siku nyingi. Ukoo ulikutana. Baba mdogo alisema neno ambalo hatukuweza kulijibu: «Unakwenda kuwafundisha kusoma watoto wa watu wale?» Mama yetu ndiye aliyekata shauri. Alisema: «Mtoto hajapiga mtu bomu. Nenda, mwanangu, lakini kila Jumapili usiache Misa, na usifundishe kwa hasira.» Tulitia daftari ya marehemu katika sanduku, tukaondoka, tukapita Goma, tukavuka mpaka kwa miguu mpaka Gisenyi. Ilikuwa mwezi wa kwanza mwaka 2006.

Shule ile hatutaitaja jina, maana watu wake wako hai, na si wote wangependa kusemwa. Ilikuwa shule ya bweni, juu ya kilima, kusini mwa nchi. Kwetu ni joto na mto. Kule ni baridi ya asubuhi, ukungu, na mashamba yaliyopangwa kama ngazi. Tulikosa lituma na samaki, tukazoea maharagwe na viazi. Wanafunzi walikuwa wa sehemu mbili. Wengine walijifunza masomo yote kwa Kifaransa. Wengine, ambao wazazi wao walikulia ukimbizini Uganda na kurudi baada ya mwaka 1994, walijifunza kwa Kiingereza. Lakini sharti la shule lilikuwa kwamba kila mmoja ajifunze lugha ya mwenzake. Wote walisema Kinyarwanda wao kwa wao. Ukiwakuta wakicheza mpira, usingejua nani ni wa sehemu gani.

Katika chumba cha walimu mambo yalikuwa magumu zaidi. Walimu wa Kiingereza wengi walitoka Uganda. Wa Kifaransa, baadhi yetu tulitoka Kongo. Waliobaki ni wenyeji. Fikirini basi meza moja, na kwenye meza ile birika moja ya chai, na kuizunguka, watu wa zile nchi tatu za mwaka 2000. Majuma ya kwanza tulisalimiana kwa Kifaransa na Kiingereza, kila mtu akijificha katika lugha yake. Jirani yetu wa nyumba, mwalimu wa Kiingereza, Mganda, alikuwa akijua Kiswahili kidogo lakini hakupenda kukisema. Kwao, alituambia, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari; mtoto akikisikia usiku alikimbia chini ya kitanda. Tulicheka kwa uchungu, maana sisi nasi tuliwahi kukisikia hivyo, katika vizuizi vya njia mjini kwetu: «Simama! Leta kitambulisho!» Siku moja aliuliza tunatoka mji gani. Tulipomjibu alinyamaza, kisha akasema kwamba kaka yake alivaa sare ya jeshi, akafa Kisangani, na mwili haukurudi. Tangu siku ile tulikula chakula cha jioni pamoja, naye akaanza kusema Kiswahili nasi. Ona basi, lugha ile ikakombolewa mara ya pili, juu ya sahani ya maharagwe.

Twende sasa kwenye jambo lenyewe.

Mwaka wa shule kule ulianza mwezi wa kwanza na kumalizika mwezi wa kumi na moja. Katika mwezi wa nane wanafunzi wa mwaka wa mwisho, tunaowaita kwetu wafinalisti, walifanya mtihani wa majaribio, ili ijulikane nani amejitayarisha na nani bado. Mwaka 2008 tuliwapa insha ya Kifaransa yenye kichwa rahisi: siku ambayo sitaisahau. Tulikaa usiku na taa, biki nyekundu mkononi, kopi sitini mezani. Watoto waliandika mambo ya watoto: siku ya komunio ya kwanza, kifo cha nyanya, ng'ombe aliyezaa mapacha.

Kopi moja ilikuwa ya kijana wa sehemu ya Kiingereza, mnyamavu, mwenye bidii, ambaye Kifaransa kilimpa taabu. Aliandika kwamba alipokuwa na miaka kumi, baba yake, askari, alirudi nyumbani kutoka vitani, bega limefungwa bandeji. Mama alichinja mbuzi. Majirani walikuja kuimba. Mtoto alifurahi kuliko siku zote. Lakini usiku baba aliamka akipiga kelele, na usiku uliofuata vile vile, mpaka mtoto akaanza kuogopa kulala. Vita vile, aliandika, vilikuwa katika mji mkubwa kando ya mto mkubwa, na mji huo unaitwa Kisangani.

Tuliiweka biki chini. Tulitoka nje. Kulikuwa na baridi na nyota nyingi. Hatuwezi kuwaficha yaliyopita moyoni mwetu, maana katekista akisema uongo siku ya Yubile atasema kweli siku gani? Tuliona mbuzi yule akichinjwa. Tulijiuliza ni siku gani hasa walipokuwa wakiimba. Kama ni siku ile ile sisi tulipokuwa tukichimba karibu na mgomba. Tulirudi ndani, tukahesabu makosa. Yalikuwa mengi. Kwa hasira mtu angeweza kumpa pointi 5 kwa 20, na hakuna mkaguzi ambaye angeuliza, maana makosa yalikuwepo kweli. Hapo ndipo tulipojua kwamba biki nyekundu ni silaha, na mwalimu ni mtu aliyepewa silaha mbele ya watu wasio na kitu mkononi.

Hatukuisahihisha usiku ule. Tuliisahihisha kesho yake, baada ya Misa ya asubuhi, tukiifunika sehemu yenye jina, na kwa kipimo kile kile tulichowapimia wengine. Ilipata pointi 11. Mtusikilize vizuri: hatukumhurumia, wala hatukumwongezea ili tujione watakatifu. Ilikuwa kopi ya pointi 11. Kumpa haki yake, bila kuipunguza wala kuizidisha, hicho ndicho tulichoweza siku ile, na hata hicho kilitugharimu.

Baada ya siku chache kijana akaja mlangoni. Alisimama kama wanavyosimama kule, macho chini. Akauliza kama tungeweza kumsaidia jioni, kwa sababu aliogopa kushindwa. Tulisema tutamjibu kesho. Rafiki yetu Mganda, tulipomweleza, hakutupa ushauri mrefu. Alisema tu: «Ukimkataa, utakuwa umemwambia sababu.» Basi tukamkubali. Majuma tisa, siku nne kwa juma, saa moja kila jioni. Na kwa kuwa kitabu kizuri cha sarufi kilikuwa kimoja tu katika maktaba, tukafungua sanduku, tukatoa daftari. Kanuni za vitenzi, mifano, majedwali aliyoyachora yeye kwa rula, yote yalikuwa safi. Kijana alisema: «Mwalimu, mwandiko huu ni mzuri sana. Ni wa nani?» Tukamjibu: «Ni wa mwanafunzi mmoja wa zamani.» Hilo nalo lilikuwa kweli.

Katika mwezi wa kumi likatokea jambo lililotikisa shule zote za nchi. Serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba masomo yote yatafundishwa kwa Kiingereza, kuanzia mwaka uliofuata. Mnaweza kufikiri hali ya chumba cha walimu. Wafinalisti walikuwa wamebakiza siku chache kabla ya mtihani, na watoto wa sehemu ya Kifaransa wakaja kutuuliza kama yote waliyojifunza yamekuwa bure. Sisi wenyewe tulijua kwamba kazi yetu pale imekwisha. Prefe wa shule, mtu mwema, alituita mmoja mmoja. Lakini alituomba jambo: «Wafundisheni mpaka siku ya mwisho kana kwamba hamkusikia.» Nasi tukafanya hivyo. Kufundisha watoto lugha ambayo mlango wake unafungwa, kwa bidii ile ile ya jana, ni kazi inayotaka imani.

Ukafika mtihani wa taifa. Walimu waliopo hapa wanajua kwamba siku hizo mwalimu wa mwaka wa mwisho hana kazi. Kwetu Exetat, tangu ilipoanzishwa mwaka 1967, husimamiwa na wengine. Mwalimu hubaki nje ya ua, akiangalia madirisha. Kule nako ilikuwa hivyo. Miaka yote alisema, akaandika ubaoni, akakaripia. Sasa wanaingia na kalamu zao, naye anabaki nje kama baba aliye nje ya nyumba ya uzazi. Tulisimama chini ya mkalitusi, Mganda na Mkongo na Mnyarwanda, hatuna la kusema. Hapo hatukuona tena watoto wa nani ni nani. Kila aliyetoka tulimwuliza swali moja: «Umemaliza yote?»

Baada ya mtihani ikafanyika sherehe ya kuwaaga. Kulikuwa na Misa, kisha viti uwanjani, na hotuba kwa lugha mbili, kwa mara ya mwisho katika shule ile. Tulipewa kusoma majina ya sehemu ya Kifaransa, rafiki yetu akasoma ya sehemu ya Kiingereza. Siku za nyuma tulikuwa tumewasimulia wanafunzi jinsi Kisangani inavyofurahi matokeo ya Exetat yakitoka: namna wale waliofaulu wanavyomwagiwa poda nyeupe kichwani, wakazungushwa mjini juu ya baiskeli za toleka, na mama zao wakipiga vigelegele. Walikuwa wamecheka sana. Basi sherehe ilipokwisha, kumbe walikuwa wamenunua poda. Lakini matokeo yao yalikuwa bado hayajatoka, hawakuthubutu kujimwagia wenyewe. Walitumwagia sisi. Walisema mwalimu ndiye aliyemaliza shule.

Tulikuwa tungali tumesimama hivyo, weupe tangu nywele mpaka viatu, tukijipangusa macho, yule kijana alipokuja na baba yake.

Alikuwa mtu mrefu, amevaa suti ya kijivu, bega moja chini kuliko lingine. Alitusalimu kwa Kiswahili, Kiswahili cha askari kilichonyooka. Alishukuru kwa ajili ya masomo ya jioni. Akauliza: «Mwalimu, kwenu ni Kongo sehemu gani?» Tukasema: «Kisangani.» Alinyamaza. Watu walikuwa wakipiga ngoma nyuma yetu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: «Kanisa lile kubwa kando ya mto, bado liko?» Tukamjibu kwamba bado liko, na kwamba watu wanasali humo.

Hatukuwa tumekusudia kusema zaidi. Lakini daftari ilikuwa mkononi mwa mtoto, amekuja kuirudisha. Tukamwambia baba: «Mtoto wako amejifunza katika daftari hii. Ilikuwa ya mdogo wetu wa kike. Alikufa katika mwezi wa sita mwaka 2000, komini ya Tshopo. Alikuwa finalisti.» Tukamtaja jina lake la ubatizo.

Yule mtu hakusema alikuwa wapi siku ile, wala sisi hatukumwuliza. Aliitazama daftari, wala hakuigusa. Kisha akasema: «Pole, mwalimu.»

Ndugu, mnajua neno hilo ni dogo namna gani. Tunalisema kwa mtu aliyejikwaa katika jiwe. Tunalisema kwa mtu anayetoka shambani. Tunalisema pia kwenye kilio, kwa sababu hatuna lingine. Na mnajua jibu lake. Mtoto wa miaka mitatu anajua jibu lake. Sisi, mwalimu wa lugha, tuliyeishi kwa maneno, hatukuliweza. Tulisimama na poda usoni, midomo imefungwa. Yule mtu alingoja kidogo, akainamisha kichwa, akamshika mwanawe mkono, wakateremka kilima. Hatukuwaona tena.

Siku chache baadaye, tarehe 28 mwezi wa kumi na moja, tulikwenda pamoja na mahujaji mpaka Kibeho, ambako Bikira Maria aliwatokea wasichana wa shule tangu mwaka 1981, jambo ambalo Kanisa lililikubali mwaka 2001. Tulisali kwa ajili ya mdogo wetu. Tulijaribu kusali kwa ajili ya yule mtu, tukafika nusu. Mwezi uliofuata tukarudi nyumbani. Mama yetu alituuliza kama tulifundisha kwa hasira. Tukasema: «Usiku mmoja tu, mama.»

Sasa mtauliza: kwa nini maneno haya siku ya Yubile, tena wakati huu? Tunajua ni wakati mgumu. Goma, mji tuliopitia, uliingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza mwaka 2025, na katika familia nyingi hapa jina la jirani yule halitamkwi bila machozi. Basi tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba haki isitafutwe. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliihukumu Uganda kwa makosa yake nchini mwetu, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Ni vema. Juu ya Rwanda, mahakama hiyo ilisema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kusikiliza shauri. Kwa hiyo damu ile, hapa duniani, bado inangoja. Anayesema «samehe» ili kesi isisikilizwe, huyo anamdhulumu marehemu. Hakuna yubile bila kurudisha kilichochukuliwa. Katika Maandiko, mwaka wa yubile ndio mwaka ambapo shamba lilirudi kwa mwenyewe na mtumwa akarudi kwao.

Lakini kuna haki nyingine ambayo haingoji The Hague, nayo imo mikononi mwetu kila siku. Ni haki ya kopi. Walimu wa parokia hii, ninyi mnaosahihisha watoto wa watu wasiowapenda: mtoto wa jirani mnayegombania naye kiwanja, mtoto wa kabila ambalo mnalisema vibaya mkiwa nyumbani, mtoto wa mkubwa aliyekula mishahara yenu. Funikeni jina. Mpeni pointi zake. Msizipunguze kwa chuki, wala msiziongeze kwa woga au kwa fedha. Na akija jioni mlangoni kuomba msaada, mfungulieni, hata kama mtamjibu kesho yake.

Na ninyi vijana mnaokwenda kufundisha ng'ambo, maana wengi mnakwenda, na tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 mtakwenda wengi zaidi: chukueni kitu kimoja cha wafu wenu katika sanduku. Si kwa ajili ya kisasi. Ni ili mkumbuke kwamba aliyenyimwa mtihani wake anaweza bado kumfaulisha mwingine. Kijana yule alifaulu. Rafiki yetu Mganda alituandikia habari hiyo mapema mwaka 2009. Siku ile tulikwenda mpaka mgombani, tukanyunyiza poda kidogo juu ya kaburi. Majirani walidhani tumepata wazimu.

Neno moja limebaki. Miaka imepita mingi, na lile jibu bado linatukaa moyoni kama deni. Hatujui yule mtu yuko wapi, wala kama yu hai. Lakini wamepo hapa leo Mapadri waliotoka majimbo mengi, na neno likitoka kanisani hufika mbali kuliko barua. Basi mbele ya altare hii, na mbele ya mama yetu aliyeketi pale katika benchi la tatu, tunamjibu sasa. Alisema pole. Tunasema: asante. Tumesikia.

Yezu Kristu asifiwe, milele na milele. Amina.